Kati ya Baba na Mume

Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, imetundikwa picha ya rangi yenye upana unaozidi meta 5 na kimo kinachokaribia meta 4. Mchoraji wake ni Jacques-Louis David, naye aliikamilisha mwaka 1799. Kwa kifupi huitwa "Wasabini", maana inaonyesha wanawake wa taifa la Wasabini lililopakana na Roma ya kale. Mimi sijapata kusimama mbele yake. Niliijua katika kitabu cha historia tulichosomea ualimu, ambacho kurasa zake zilikuwa zimepapaswa na vidole vingi hata rangi nyekundu ikageuka kahawia, na tangu hapo nimeifundisha miaka mingi kwa maneno tu na mistari michache ya chaki. Naieleza tena hapa, ndugu wasomaji, kwa kuwa naamini inatuhusu sisi wa Likasi, Kambove na Koni kuliko inavyowahusu wengi wanaopita mbele yake kila siku.

Kisa chenyewe ni cha mapokeo, wala hakuna awezaye kuapa kwamba kilitukia. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anakisimulia hivi. Roma ilipokuwa changa ilijaa wanaume: wachungaji, wakimbizi, watumwa waliowatoroka mabwana wao. Wake hawakuwapo. Mfalme Romulus alituma wajumbe kwa mataifa jirani kuomba binti zao, na majirani wakakataa kwa dharau. Ndipo akatangaza michezo mikubwa kwa heshima ya mungu Neptunus, akawaalika wote. Wasabini walikuja kwa wingi pamoja na wake na watoto wao, wakakaribishwa majumbani. Michezo ilipopamba moto ishara ilitolewa, na vijana wa Roma wakawarukia mabinti wakawachukua kwa nguvu. Wazazi wao walikimbia wakilia.

Hapo Livius anaongeza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Romulus, asema, alizunguka akiwatuliza mabinti waliotekwa, akawaeleza kwamba kosa lilikuwa la baba zao, waliokuwa na kiburi cha kukataa kuoana na jirani. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana tutalikuta tena karibu na nyumbani.

Muda ukapita. Tatius, mfalme wa Wasabini, alikuja na jeshi kulipiza kisasi, akaitwaa ngome ya kilima cha Kapitoli, na majeshi mawili yakakutana bondeni. Lakini mabinti wa jana sasa walikuwa wake, tena mama. Kila mmoja alikuwa na baba au kaka upande huu, na mume upande ule. Wakashuka bondeni, nywele zimefumuka, wakaingia kati ya mikuki.

Wachoraji wengi wa Ulaya walipokitwaa kisa hiki walichagua siku ya kwanza, siku ya kunyakua. Mfaransa mwingine, Nicolas Poussin, aliichora siku hiyo mara mbili katika miaka ya 1630: mikono inakamata, mabinti wanainuliwa juu, wazee wanakanyagwa. David aliiacha siku hiyo akachagua ile nyingine. Katikati ya picha yake amesimama Hersilia, mke wa Romulus, amevaa nguo nyeupe, amenyosha mikono yote miwili kama anayezuia kuta mbili zisianguke. Kulia kwetu ni Romulus, ameinua mkuki ili autupe, na ngao yake ina sura ya mbwa mwitu jike akiwanyonyesha mapacha. Kushoto ni Tatius mwenye upanga. (Mashujaa wote wawili wako uchi, desturi ya sanaa ya kale iliyowashtua hata watu wa Paris, hata David akalazimika kuandika maelezo ya kuitetea. Darasani nilipita hapo upesi.) Mwanamke mmoja ameushika mguu wa Tatius asiende mbele. Mwingine amempandisha mtoto juu ili askari wamwone. Na chini, mavumbini, katikati kabisa ya watu wenye silaha, wanacheza watoto wachanga waliowekwa pale na mama zao.

Ili kuona uzito wa picha hiyo yafaa kuiweka kando ya nyingine ambayo David huyo huyo aliichora mwaka 1784, "Kiapo cha Wahorati". Hiyo nayo ni ya Roma ya hadithi. Ndugu watatu wa ukoo wa Horatius wananyosha mikono mbele ya baba yao anayewashikia panga, na kuapa kupigana na ndugu watatu wa mji wa Alba, Wakuriati. Wanaume wako mbele, wamesimama wima. Pembeni, wameinama kama nguo zilizolowa, wako wanawake. Mmoja wao ni dada wa Wakuriati aliyeolewa na Mhorati. Mwingine ni dada wa Wahorati aliyechumbiwa na Mkuriati. Yaani damu zilikuwa zimekwisha kuchanganyika kabla ya kiapo, na kiapo hakikuuliza. Vita vilipokwisha alirudi mmoja tu akiwa hai, akamkuta dada yake anamlilia mchumba aliyeuawa, akamchoma upanga papo hapo.

Basi katika picha ya 1784 wenye ukwe wako pembeni wakilia, na katika ile ya 1799 wako katikati wakizuia. Kati ya picha hizo mbili yalipita Mapinduzi ya Ufaransa. David mwenyewe alikuwa mbunge wa mapinduzi, na Januari 1793 alipiga kura mfalme auawe. Mke wake, Marguerite-Charlotte, aliyekuwa na mapenzi na ufalme, hakukubaliana naye. Wakatalikiana mwaka 1794. Mwaka huo huo rafiki wa David, Robespierre, alianguka, na David akatiwa kifungoni. Mke aliyekuwa amemwacha alimwendea. Mwaka 1796 wakafunga ndoa tena. Wazo la Wasabini lilimjia katika siku hizo za kifungo, naye akafanya kazi miaka karibu minne. Alipoimaliza aliionyesha kwa kiingilio cha faranga 1.80, jambo lililowaudhi wengi, lakini kwa miaka 5 watu wapatao 50,000 walilipa wakaingia. Sidhani walikuja kwa ajili ya Roma. Walikuwa watu ambao katika nyumba moja kaka alikuwa jeshini mwa jamhuri na shemeji alikuwa amekimbilia kwa adui.

Sasa nitoke Paris nije nyumbani, na sitazunguka. Kila aliyezidi miaka 40 katika Likasi anajua ninakokwenda.

Mji wetu, ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ulijengwa na watu waliotoka mbali. Union Minière ilihitaji mikono, na wengi waliletwa kutoka Kasai. Reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, ikiitwa Port-Francqui wakati huo, njia ya kutoka Kasai hadi migodini ikawa ya siku chache. Walikuja wakiwa vibarua, wakazaa makarani, walimu, mafundi na waganga. Hapa Koni nako, penye mitambo ya umeme wa maji ya Lufira, kazi iliwakusanya watu wa makabila mengi kwenye mstari mmoja wa nyumba za kampuni. Vijana waliokua pamoja, waliocheza pamoja na kuimba katika kwaya moja, wakaoana. Hakuna aliyetangaza michezo ya hila ili kuwapata wake. Mahari ilitolewa, wazee wa pande mbili wakanywa pamoja, ndoa nyingi zikafungwa altareni.

Mwaka 1992 Zaire ilikuwa inatafuta njia ya kutoka mikononi mwa Mobutu. Tarehe 15 Agosti Mkutano Mkuu wa Taifa, huko Kinshasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa kwetu. Mkoa wetu, ulioitwa Shaba siku zile, ulikuwa chini ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI, ambaye kwenye mikutano alikuwa akiwaita Wakasai "bilulu", wadudu. Likasi ikawaka. Nyumba zilivamiwa, nyingine zikachomwa, watu wakauawa. Katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu walikuwa wametolewa majumbani mwao, wakalala shuleni na katika kituo cha treni na kandokando yake, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watoto wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kabla treni haijafika, wengine ndani ya treni. Reli iliyowaleta babu ndiyo iliyowaondoa wajukuu.

Sikatai kwamba kulikuwa na malalamiko ya kweli. Kijana wa Katanga aliyemkuta msimamizi Mkasai, karani Mkasai na mwajiri Mkasai alikuwa na swali la haki la kuuliza, hasa katika miaka ambayo Gécamines ilikuwa inaporomoka na kazi zinakwisha. Lakini swali hilo lilistahili kuulizwa kwa kampuni na kwa serikali iliyokuwa imeila kampuni. Aliyeulizwa akawa jirani. Na hapa linarudi lile neno la Romulus. Nimesikia kwa masikio yangu, miaka mingi baadaye, watu wazima wenye heshima wakisema kwamba Wakasai walijiletea, kwamba kiburi cha baba zao ndicho kilichowafukuza. Ndivyo alivyonena mteka mabinti, karibu neno kwa neno, kwa walioibiwa na wazazi wao.

Katika yote yaliyotendeka siku zile, lililokuwa zito kuliko mengine kwa maoni yangu halikuwa kuchomwa kwa nyumba. Lilikuwa swali waliloulizwa watu wa ndoa za mchanganyiko: wewe uko upande gani? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya mambo yale, na ni vizuri vijana wasome. Binti wa Katanga aliambiwa amwache mume wake Mkasai. Mume wa Katanga aliambiwa amrudishe mke wake kwao. Na watoto je? Kwa Waluba wa Kasai mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Walamba, Wakaonde na wengine wengi wa kusini mwa Katanga, ukoo hupita kwa mama. Basi Mkasai akimwoa binti Mlamba, watoto wao wanadaiwa na koo mbili, kila mmoja kwa sheria yake. Lakini Mlamba akimwoa binti wa Kasai, upande huu unasema watoto ni wa kwa mama yao, na upande ule unasema ni wa kwa baba yao. Wakati wa amani hayo yalikuwa mzaha wa wazee harusini. Mwaka 1992 kuna watoto ambao kwa mzaha huo hawakuwa na mahali pa kulala.

Twapenda kusema kwamba damu ni nzito kuliko maji. Methali hiyo ni nzuri kwa mtu aliyeolewa na binamu yake. Kwa wale watoto wa David wanaocheza mavumbini haina msaada, kwa sababu damu yao ndiyo iliyoko kwenye mikuki ya pande zote mbili.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwenye miaka ishirini na kidogo. Nilikwenda kituoni zaidi ya mara moja kutafuta watu wa familia ya mwanafunzi mwenzangu. Watu walikuwa wamejenga vibanda vya mashuka na mabati kati ya mizigo: cherehani, magodoro, masufuria, hata milango iliyong'olewa ili isiachwe. Siku moja nilimkuta mama mmoja wa hapa kwetu, aliyeolewa na Mkasai, ameketi juu ya sanduku na watoto wawili. Kaka zake wawili walikuwa wamekuja kumchukua. Mume alisimama upande wa pili wa mizigo, akitazama chini. Kaka walisema kwa upole, kwa kweli bila matusi, kwamba yeye hana kosa, ashuke kutoka pale arudi nyumbani kwa mama yao kabla treni haijaja. Yule mama aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mnaniambia nishuke. Nishuke na mguu upi?"

Hawakujibu. Wakaondoka. Jioni yule kaka mkubwa alirudi peke yake na mfuko wa unga wa bukari na bidoni la maji, akaviweka juu ya mizigo ya shemeji yake, wakashikana mikono, akaenda zake. Sijui aliwaambia nini wenzake wa mtaani waliomwona amebeba unga kuelekea kituoni, siku ambazo kuonekana na Mkasai kulikuwa hatari.

Walimu tuna desturi ya kuisoma picha ya Wasabini kwa namna moja: mwanamke ni mleta amani, machozi yake huzima vita. Huku kwetu tafsiri hiyo hutolewa tarehe 8 Machi kila mwaka, akina mama wakiwa wamevaa vitenge vya sare. Siikubali. Inamtwika Hersilia kazi isiyo yake. Mtu asiye na silaha anaweza kusimama katikati, na kusimama huko ni ushujaa mkubwa, lakini hawezi kurudisha upanga ulio mkononi mwa mwingine. Tazama tena picha ya David, si katikati bali nyuma kulia. Yuko mpanda farasi ambaye hatumjui jina. Romulus bado ameinua mkuki, Tatius bado ana upanga wazi, wafalme hawajaamua lolote. Huyo mpanda farasi amekwisha kuanza kurudisha upanga wake alani. Mbali zaidi, katika msitu wa mikuki, askari wameanza kuinua kofia zao za chuma kuwa ishara ya amani. Amani katika picha hiyo haianzii kwa wakubwa. Inaanzia kwa askari mmoja mmoja aliyemwona dada yake bondeni, akamtambua, akamtambua na yule mwanaume aliye nyuma yake kuwa ni shemeji.

Likasi ya 1992 ilikuwa na akina Hersilia wengi. Niliwaona. Walisimama mlangoni, walisimama kituoni, wengine walipanda treni wakafia Kasai ugenini. Waliokuwa haba ni wale wa nyuma kulia. Vijana wa chama walikuwa wameapa kiapo chao kama ndugu watatu wa 1784, na kiapo hakikuuliza ni nani ameolewa na nani. Walikuwako waliokivunja kiapo hicho, waliomficha jirani chumbani, waliomsindikiza usiku, waliobeba unga. Hatujui majina yao kwa sababu wao wenyewe hawayasemi. Mtu aliyeshiriki kufukuza husimulia akiwa amelewa, lakini aliyeficha jirani yake hunyamaza, kana kwamba ndiye mwenye aibu.

Kuna upande mwingine wa picha ambao haunifurahishi, na sitaki kuupamba. Wasabini walipatana na Warumi, wafalme wawili wakatawala pamoja, mataifa mawili yakawa moja. Livius anasema hata makundi 30 ya raia wa Roma yalipewa majina ya wale wanawake. Lakini hakuna mahali katika kisa ambapo Romulus anaomba radhi kwa ile siku ya michezo. Waliombwa kusahau walioibiwa, na walioiba wakaitwa wakwe. Na angalieni yaliyofuata. Baada ya miaka michache Tatius aliuawa na umati katika mji wa Lavinium, na Livius anaeleza kwamba Romulus hakulihuzunikia tukio hilo kama ilivyompasa. Upatanisho ulikuwa wa bondeni tu. Moyoni kulibaki hesabu.

Sisi tuna hesabu yetu, nayo ina kuta na paa. Ziko nyumba Likasi zilizoachwa mwaka 1992 na wenyewe wakiwa na ufunguo mkononi. Nyingine zililindwa na majirani waaminifu na kurudishwa. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya magunia mawili ya unga, muuzaji akiwa na treni nyuma yake na vijana wenye rungu mbele yake, na karatasi ikatiwa sahihi ionekane halali. Nyingine ziliingiwa tu. Walionunua wameshazaa humo. Baadhi ya wenyewe walirudi miaka ya baadaye, maana Katanga ndiko kwao, wakapanga chumba katika mtaa ambao zamani walikuwa na nyumba. Wanakutana na mwenye nyumba mpya misani, wanapeana amani mikono ikigusana. Sifanyi mzaha na ishara hiyo. Mimi nami huitoa. Lakini katekisimu tunayofundisha inasema wazi kwamba aliyeiba anapaswa kurudisha, na sijasikia somo hilo likitolewa mjini kwetu kwa mfano wa nyumba. Hutolewa kwa mfano wa kuku na baiskeli.

Naandika haya sasa, na si miaka 10 iliyopita, kwa sababu treni za kutoka Kasai zinaleta tena vijana wanaotafuta maisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na maneno yale yale yanaanza kusikika tena. Mara hii hayahitaji uwanja wa mikutano. Yanapita kwenye simu, kwa sauti ya mtu usiyemjua, na vijana waliozaliwa baada ya 1993 wanayacheka na kuyatuma mbele. Wanayacheka kwa sababu hakuna aliyewaambia. Katika nyumba zetu mwaka ule umefungiwa kabatini. Mtoto anajua kwamba ana shangazi Mbujimayi, hajui kwa nini shangazi hajawahi kuja kumwona.

Zamani watu wa Katanga walitundika historia yao ukutani. Katika sebule za wafanyakazi ulikuta Mamba Muntu, ulikuta "Colonie belge" yenye askari na kiboko, ulikuta Lumumba amefungwa mikono. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1947, alifanya makubwa zaidi: katika miaka ya 1973 na 1974 aliichora historia nzima ya nchi kwa picha 101, nyingi juu ya nguo za mifuko ya unga, akamsimulia kila moja kwa Kiswahili chetu Profesa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Alichora wafalme wa kale, Wabelgiji, kujitenga kwa Katanga, na damu iliyomwagika Kasai. Hakuweza kuchora 1992. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua aliko. Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam, mbali na sebule zilizokusudiwa, na katika nyumba nilizoingia Likasi na vijiji vyake sijaona hata moja iliyotundika kituo cha treni.

Ikiwa yuko mchoraji anayesoma ukurasa huu, turubai nitalinunua mimi. Sihitaji meta 5; meta moja yatosha ukuta wa darasa la katekisimu. Amchore yule mama juu ya sanduku lake, na watoto, na mume aliyetazama chini. Aweke na reli. Lakini nyuma kulia asisahau kumweka yule kaka anayekuja peke yake jioni, watu wa mtaa wakimtazama, mfuko wa unga begani.